Kipimajoto Namba Tatu

Mtendaji wa kijiji, Restuta, aliuinua mfuko juu ili hata waliokaa nyuma waone kwamba mhuri haukuwa umeguswa, kisha akachana utepe kwa wembe mbele ya watu wote. Akatoa kompyuta mpakato nyeusi iliyochubuka pembe, akaiweka juu ya meza ya mwalimu katika darasa la sita la shule ya msingi Kabulamo. Siku tisa ilikuwa imelala ndani ya kabati la ofisi yake, imefungwa kama sanduku la kura.

"Iko kama mlivyoiacha," alisema. "Hakuna aliyeigusa. Fundi, njoo."

Kaneza Nduwayo alipita katikati ya madawati. Alikuwa na miaka ishirini na saba, fundi wa kompyuta wa mradi uliokuwa ukipima ardhi za vijiji upande ule wa Biharamulo. Alipofika mbele alimkuta Mzee Ndassa, msemaji wa wafugaji, ameketi dawati la kwanza, fimbo ameilaza mapajani. Akainama kidogo.

"Shikamoo, mzee."

Ndassa alimtazama kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwani, kisha akageuza uso dirishani. Marahaba haikuja. Nyuma yake mtu alicheka kwa puani.

Kisa kilianzia mkutano uliopita. Mradi ulikuwa umemaliza kupima, na ramani ya kijiji ililetwa ionyeshwe ukutani kwa projekta, wananchi waikubali au waikatae. Jambo lililokuwa limewagawa watu wa Kabulamo kwa miaka mingi lilikuwa moja tu: njia ya mifugo inayoteremka hadi lamboni. Wafugaji, wengi wao Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao kutoka Shinyanga na Mwanza, walisema wakulima wameilima njia hiyo mpaka wameimaliza. Wakulima, wengi wao watoto na wajukuu wa watu waliovuka mpaka kutoka Burundi na Rwanda, walisema wafugaji wanaipanua kila mwaka kwa kwato. Masika yaliyopita mtu mmoja alikatwa panga begani. Sasa walitaka ramani iseme.

Basi siku ile picha ilipofika kwenye njia ya mifugo, kompyuta ikazima. Wakaiwasha, wakasubiri, picha ikafika palepale, ikazima tena. Mara ya tatu vilevile. Ndassa alisimama, akasema kwa sauti ya chini kwamba mashine hiyo imefundishwa. Akauliza fundi wake ni nani. Akaonyeshwa. Akauliza ni mtoto wa nani, na mtu akamjibu kwamba baba yake mdogo ni Aron, yule mwenye mihogo kando ya lambo.

Baada ya hapo hakuna aliyesikilizwa. Ndassa alikataa katakata kuletwa kompyuta nyingine, kwa maana nyingine ingekuja na ramani nyingine. Iwe ileile, na ifungwe mpaka siku ya mkutano. Ndivyo ilivyofungwa.

"Masharti yangu ni haya," Ndassa alisema sasa, bado anatazama dirisha. "Itengenezwe hapahapa, sote tukiona. Kila anachoandika kitokee ukutani. Na binti yangu akae pembeni yake asome. Sisi Kiingereza hatukijui. Yeye anakijua."

Binti yake, Ernesta, alisimama. Alifundisha fizikia katika sekondari moja kule Runazi, na umri wake haukupishana sana na wa Kaneza. Alivuta kiti, akaketi karibu mno, mpaka mabega yao yakagusana, akafungua daftari juu ya goti.

"Utanieleza unachofanya kabla ya kukifanya," alisema. "Ukifanya kitu bila kueleza, nitasimama niwaambie."

"Sawa, Mwalimu."

"Na usinilainishie sauti."

Felisiani, mpima ardhi na mkuu wa Kaneza kazini, alikuwa ameegemea ukuta akijipepea kwa faili. Njia nzima garini kutoka Biharamulo mjini alikuwa amemwambia neno moja tu: "Umetuaibisha." Upande wa kulia, kati ya wakulima, alikaa Aron mwenyewe, kofia mkononi. Yeye peke yake alimkonyeza Kaneza kama mtu anayempa mwenzake moyo, na Kaneza akashukuru kimoyomoyo bila kujiuliza zaidi.

Alitoa bisibisi mkobani.

"Kompyuta inayozimika ghafla ikiwa kwenye kazi nzito, kitu cha kwanza kushuku ni joto," alisema, akijitahidi sauti ifike nyuma. "Ikikaribia digrii mia moja inajizima yenyewe isiungue. Nataka kuifungua chini nione kama feni imezibwa na vumbi."

"Fungua," Ernesta alisema.

Skrubu tisa. Kaneza alizipanga juu ya karatasi moja moja, maana aliogopa kupoteza hata moja mbele ya macho yale. Mfuniko ukatoka. Feni ilionekana, ndogo kama kifuniko cha chupa ya chai, na juu ya mabawa yake palikuwa na utando mwembamba wa vumbi, si zaidi ya ule unaokaa juu ya redio ya nyumbani. Aliisukuma kwa ncha ya kidole. Ikazunguka kirahisi.

"Vumbi lipo," Felisiani alisema haraka kutoka ukutani. "Naliona hata hapa nilipo."

"Mimi niko hapa na silioni," Ernesta alisema, akaandika kitu daftarini. "Feni inazunguka vizuri. Sasa kwa nini mashine ichemke?"

"Bado sijajua."

"Anajua huyo," mwanamume mmoja alisema nyuma, na wenzake wakaitikia kwa miguno.

Kaneza alirudisha mfuniko, akaiwasha. Kompyuta za mradi zote zilitumia mfumo endeshi wa Linux, na yeye ndiye aliyeziwekea kila kitu, kwa hiyo hakuhitaji kutafuta. Alifungua dirisha jeusi la kuandikia amri, akaeleza kwamba anaiuliza mashine hali ya joto lake, akaandika neno moja. Ukutani ikatokea orodha. Ernesta akaisoma kwa Kiswahili, kwa sauti ya darasani.

"Prosesa, ambayo ndiyo inayofanya hesabu zote, hamsini na nne. Diski, inayotunza kumbukumbu, thelathini na nane. Mzunguko wa feni, sifuri."

"Sasa nafungua ramani ili ifanye kazi," Kaneza alisema.

Picha ya kijiji ikaanza kujichora ukutani kipande kwa kipande: paa za bati, migomba, barabara nyekundu. Pembeni yake ile orodha ikawa inabadilika. Sitini na mbili. Sabini na moja. Themanini na tatu. Jua lilikuwa linakaribia utosi, na bati la darasa lilikuwa likialika. Mzunguko wa feni ulibaki sifuri.

"Themanini na tatu, na feni imelala," Ernesta alisema. "Hata jiko la mkaa lina mtu wa kulipepea."

Watu wachache walicheka. Kaneza aliifunga ramani kabla mambo hayajaharibika, akafuta jasho juu ya mdomo.

"Sasa nataka kuiamuru feni mwenyewe, izunguke kwa nguvu zake zote. Ikikataa, basi imekufa. Ikikubali, basi ni nzima na kuna kitu kinaikataza."

Akaandika. Feni ikavuma ghafla, ikapuliza hewa ya moto kwenye mkono wa Ernesta, naye akauondoa. Wakulima upande wa kulia walianza kupiga makofi. Hayakufika popote. Sekunde nane, sekunde kumi, feni ikapunguza, ikapunguza, ikanyamaza.

Ernesta aliacha kuandika. "Nani ameizima?"

Sekunde kumi. Kaneza alikuwa anazifahamu sekunde kumi hizo kwa sababu alizichagua yeye.

Ilikuwa mwezi Machi. Felisiani alirudi kutoka kwenye semina akiwa na hasira, akasema kompyuta ilimvumia mbele ya wakubwa kama mashine ya kukoboa, mpaka mgeni mmoja akauliza kama ni jenereta. Akamwambia Kaneza ainyamazishe, hataki maelezo. Kaneza akaandika programu fupi, mistari kumi na minne tu. Kila baada ya sekunde kumi programu hiyo ilitazama kipimajoto namba tatu cha kompyuta. Kikisoma chini ya sitini, inaizima feni. Kikisoma juu ya sitini, inaiachia. Ilifanya kazi vizuri, Felisiani akafurahi, na Kaneza akaisahau. Kisha, siku chache kabla ya mkutano wa kwanza, aliisasisha Linux ya mashine hiyo, kwa kuwa muda wake ulikuwa umepita. Aliisasisha, akaona imewaka, akaifunga akaenda nyumbani.

Sasa alijua mahali pa kuangalia kama mtu anavyojua jino linalouma.

Felisiani naye alikuwa amezitambua sekunde kumi, au aliutambua uso wa Kaneza. Alitoka ukutani, akainama katikati ya wanawake wale wawili kana kwamba anaangalia waya, akasema kwa Kihangaza, lugha ambayo mtu aliyelelewa kwa Kirundi anaielewa bila mkalimani: "Sema ni vumbi. Kifute hicho kitu, tuonyeshe ramani, twende."

"Kiswahili, tafadhali," Ernesta alisema.

"Ni mambo ya kazi," Felisiani alisema, akarudi ukutani.

Amri ya kuisimamisha programu ile ilikuwa fupi. Ukutani ingekuwa mstari mmoja kati ya mistari mingi, na Ernesta alijua fizikia, Linux hakuijua. Kaneza angeweza kusema anasafisha kumbukumbu. Feni ingezunguka, ramani ingesimama, na jioni angekuwa nyumbani. Vidole vilikuwa tayari juu ya kibodi. Alimtazama yule mtu aliyekatwa panga masika yaliyopita. Alikuwa ameketi karibu na mlango, bega moja chini kuliko jingine, mdomo wazi kidogo, akiutazama ukuta kwa makini kana kwamba anaelewa kila kilichoandikwa pale.

"Ameniambia niseme ni vumbi," Kaneza alisema. "Si vumbi. Kuna programu inayoizima feni. Niliiandika mimi. Naifungua muione."

Kabla kelele haijaanza, mistari kumi na minne ilikuwa ukutani. Wa kwanza ulikuwa kwa Kiswahili, haukuhitaji mkalimani, lakini Ernesta aliusoma hata hivyo, polepole.

"Imeandikwa na Kaneza N., Machi. Feni isipige kelele."

Darasa lililipuka. Ndassa alisimama na fimbo yake. "Mtendaji, andika. Amekiri kwa mdomo wake." Nyuma kijana wa zizini kwake alisema mkimbizi ni mkimbizi tu, hata umlishe nini. Aron akaruka juu kwenye upande wa kulia.

"Mkimbizi nani? Baba yangu alifika hapa mwaka sabini na mbili, mti wa kwanza wa lambo hilo aliung'oa yeye. Wewe umefika juzi unafuata mkia wa ng'ombe."

"Rudia."

"Nimesema mkia wa ng'ombe."

Madawati yaliburuzwa. Restuta alipiga meza kwa rula ya ubaoni, mara nne, mara tano, mpaka rula ikapasuka. "Anayetaka kupigana atoke nje akapigane na jua," alisema. "Ndani ya darasa hili kuna mkutano." Akawasubiri wakae. Walikaa, ila Ndassa hakukaa.

Ernesta hakuwa ameondoka kwenye kiti. Alikuwa anausoma tena ukuta, midomo ikimcheza.

"Hapa imeandikwa iitazame namba tatu," alisema. "Namba tatu ni nani?"

"Ilikuwa prosesa," Kaneza alisema. "Linux haivipi vipimajoto namba za kudumu. Kila inapowaka, inavipa namba kwa jinsi inavyokutana navyo. Niliisasisha siku chache kabla ya mkutano ule. Nadhani mpangilio umebadilika."

"Kama wanafunzi wanaopewa namba kwa kuwahi mlangoni."

"Ndiyo."

"Usinikubalie tu. Iulize jina."

Kaneza aliandika. Ukuta ukajibu kwa neno moja, na Ernesta akalilinganisha na orodha ya mwanzo.

"Diski," alisema. Akageuka kuwatazama watu, na kwa mara ya kwanza hasira yake haikuwa kwa Kaneza peke yake, ilikuwa kwa kila mtu asiyefuata somo. "Sikilizeni. Feni inaambiwa ikae kimya mpaka diski ipate joto. Diski haipati joto. Anayeungua ni prosesa, na huyo haulizwi na mtu."

"Maneno mazuri," Ndassa alisema. "Sasa niambie, mwanangu, kwa nini inakufa kwenye njia ya ng'ombe tu. Mara tatu. Kwa nini haifi kwenye kanisa lao?"

Ernesta alimgeukia Kaneza. "Jibu."

"Pale tulipiga picha za droni, kwa sababu ndipo penye ugomvi. Ni picha nzito kuliko zote. Kwingine ni picha ya setilaiti, nyepesi. Mashine ikifika pale inafanya kazi mara kumi."

"Unasema wewe," Ndassa alisema.

"Inapimika, baba," Ernesta alisema. Akafikiri kidogo, kalamu kinywani. "Droni ilipita na juu ya mashamba ya huyu Aron?"

"Ilipita. Pande zote mbili za njia."

"Basi usitengeneze kitu. Iache na ugonjwa wake. Fungua picha ya mashamba ya baba yako mdogo, uikuze uwezavyo, na usiguse njia hata kidogo. Nataka kuona kama na huko inakufa."

"Na isipokufa?" Restuta aliuliza.

"Isipokufa, huyu ni mwongo, na polisi nitampeleka mwenyewe kwa pikipiki yangu."

Kaneza alifungua. Mashamba ya Aron yakajaa ukutani, mihogo imepangika mistari, hata jembe lililosahauliwa kwenye tuta likaonekana. Sasa hakukuwa na la kufanya ila kungoja, na hapo ndipo alipoelewa ubaya wa mahali alipowekwa: alikuwa anaomba kompyuta aliyoihudumia miaka miwili iungue. Ernesta alizitaja namba bila kuinua macho kutoka kwenye saa yake. Sabini. Sabini na nane. Themanini na sita. Ikakaa themanini na sita, ikakaa tena, na Ndassa akatoa sauti kooni. Tisini. Tisini na tatu. Hewa juu ya kibodi ilikuwa inanukia plastiki. Mtu aliyekuwa anakohoa aliziba mdomo. Tisini na saba.

Kompyuta ikazima, ukuta ukawa wa buluu mtupu.

"Hata kwetu," mwanamke mmoja alisema upande wa kulia, taratibu.

"Dakika nne na nusu," Ernesta alisema. "Mtendaji, mkutano uliopita ilichukua muda gani?"

Restuta alipekua muhtasari. "Nimeandika kama dakika tano."

"Basi si njia, baba. Ni mashine, na ni uzembe wa huyu hapa."

"Ni uzembe wangu," Kaneza alisema. "Niliisasisha bila kuipima kwa kazi nzito. Naomba radhi."

Hakuna aliyepokea radhi hiyo. Ilibaki pale mezani pamoja na skrubu moja iliyozidi, ambayo Kaneza aliiona sasa hivi na hakukumbuka ilitoka tundu gani.

Mashine ilipopoa aliiwasha. Matengenezo yenyewe yalikuwa madogo kiasi cha kutia aibu: alibadilisha mstari mmoja, programu isiulize tena namba tatu, imtafute prosesa kwa jina lake popote atakapokuwa amepangwa. Ernesta alimwamuru aizime na kuiwasha mara mbili, aone kama itakumbuka. Ilikumbuka. Walipofungua picha nzito feni iliamka yenyewe ikiwa sitini na moja, ikaanza kuvuma, na safari hii haikunyamaza. Ilivuma kwa nguvu mpaka Felisiani, alipoitwa aieleze ramani, akalazimika kupaza sauti kama mtu anayenadi mitumba. Hakumtazama Kaneza hata mara moja.

Na ramani ikasema. Upana wa njia ya mifugo, kwa kumbukumbu za zamani za kijiji na kwa alama zilizopatikana ardhini, ulikuwa mita thelathini. Ndassa na wenzake walikuwa wakidai sitini. Hapo wafugaji wakaguna. Kisha Felisiani akavuta mstari mwekundu hadi lamboni, na mstari ukapita katikati ya mihogo. Kona nzima ya shamba la Aron ilikuwa juu ya njia, mistari kumi na tisa. Ilihesabika, kwa kuwa picha ilikuwa safi.

Hapo wakulima nao wakaguna. Kura zilipopigwa ramani ilipita kwa mikono michache iliyozidi, mingi ikiwa ya wanawake waliochoka. Ndassa hakuinua mkono wala hakupinga. Alitoka akiwa amemshika binti yake kiwiko, akimwambia jambo kwa Kisukuma, na Ernesta akimjibu kwa ufupi. Alipopita mlangoni Ernesta alisimama, akarudi hatua mbili.

"Ungefuta kile kitu," alimwambia Kaneza, "nisingejua."

"Najua."

"Nimeudhika kwamba nisingejua," Ernesta alisema, akaondoka.

Felisiani aliibeba kompyuta mwenyewe. Kaneza alipofika nje na mkoba wake, gari lilikuwa limeshageuza. Kioo cha dereva kiliteremka kidogo. "Tafuta usafiri," Felisiani alisema. "Na barua utaipata."

Aron alikuwa anamngoja kwenye kona ya darasa, kofia sasa kichwani. Kaneza alianza kumwambia samahani, kuhusu mihogo, kuhusu yote. Aron alimkatiza kwa Kirundi, kwa sauti ya chini kabisa.

"Siku tisa natembea kifua mbele," alisema. "Watu wananiuliza, ni kweli mtoto wako anatusaidia? Nikawa nacheka tu. Wakanielewa. Nikasema, huyu amesoma, amekumbuka kwao. Kumbe ilikuwa imeharibika tu."

"Baba mdogo, ulidhani nilifanya makusudi?"

"Nilimshukuru Mungu kwamba ulifanya makusudi. Mashine ilikuwa mkononi mwako, Kaneza. Ungeiacha ife."

Alikwenda zake. Kaneza alipanda bodaboda mpaka Nyamahanga kwa wazazi wake, na njia nzima dereva alikuwa akimsimulia habari za fundi mmoja Mrundi aliyekamatwa Kabulamo akiroga kompyuta.

Barua ilikuja siku ya nne, ikimtaka ajieleze. Ripoti ya Felisiani ilisema chanzo cha hitilafu ni vumbi. Ripoti ya Kaneza, ambayo aliituma kwa mkuu wa mradi bila kupitia kwa Felisiani, ilisema chanzo ni fundi. Ili kukata shauri wakuu wa mradi waliomba muhtasari wa Restuta, nao ulikuwa na kila kitu, hata rula iliyopasuka, hata maneno kuhusu mkia wa ng'ombe. Felisiani alihamishiwa Ngara bila kusema kwaheri kwa mtu. Kaneza aliondolewa kazi za vijijini kwa miezi sita, akapewa chumba kisicho na dirisha na kompyuta kumi na moja za kukagua. Alizikagua zote. Tatu zilikuwa na programu ileile, na katika hizo tatu, mbili zilikuwa zikimuuliza asiyehusika.

Bikoni, zile nguzo za zege za kuonyesha mpaka wa njia, zilipandwa mwezi wa nane. Wiki moja baadaye Kaneza alikwenda Kabulamo na kilo mbili za sukari. Claudia, mke wa Aron, aliipokea sukari mlangoni, akasema asante, hakusema karibu. Akaonyesha kwa kidevu upande wa lambo.

Aron alikuwa kwenye mihogo, ng'ambo ya bikoni nyeupe, anang'oa. Alikuwa amemaliza mistari minne. Kaneza alimsalimu, hakuitika. Kaneza akavua viatu, akaenda mstari wa mwisho kabisa, mbali naye, akashika shina la kwanza kwa mikono miwili akavuta. Shina likakatika juu ya udongo, mizizi ikabaki.

"Huko ni michanga," Aron alisema bila kugeuka. "Utaivunja yote. Ng'oa huku."

Alihamia mstari alioonyeshwa. Waling'oa mpaka ng'ombe wa kwanza walipoanza kuteremka kwenda kunywa.